Kibarazani kwa Fundi Tarumbeta: "Nimemchukua Haydn, je, nimeiba?"

Barua za mwezi huu zimenikuta na baridi ya Julai. Wengi wanadhani Moshi ni joto mwaka mzima. Waje wakae kibarazani kwangu hapa Pasua saa kumi na mbili asubuhi, mlima umejifunika gubigubi, kisha washike shaba kwa mikono mitupu. Nimejibu barua tatu tu. Ya kijana wa Sakina imekula nafasi ya wenzake, mnisamehe. Walioulizia bei ya tarumbeta za mtumba wasubiri toleo lijalo, maana bei zenyewe zinageuka kama maneno ya dalali.

*

*Shikamoo Fundi. Nina miaka 23, naishi Sakina, Arusha. Napiga tarumbeta kanisani tangu darasa la sita, na wikiendi napiga na wenzangu watatu (kinanda, gitaa la besi na dramu) kwenye mgahawa mmoja mjini. Nimetunga kipande cha jazz kutokana na ile sehemu ya polepole ya konseto ya tarumbeta ya Haydn. Mwalimu wetu wa matarumbeta amekisikia, akasema naharibu kazi ya watu na kwamba huo ni wizi. Mpiga kinanda wangu anasema jazz haina mwenyewe, niandike jina langu nitulie. Mimi kinachonisumbua zaidi ni katikati: mwanzo mzuri, mwisho mzuri, katikati najaza tu. Nimekutumia rekodi na picha ya nota kwa simu. Nisaidie.*
*Kijana wa Sakina, Arusha*

Marahaba mwanangu. Rekodi yako nimeisikiliza mara nne: mara moja kwenye daladala ya Kiboriloni, ambako sikusikia kitu zaidi ya konda, na mara tatu usiku nyumbani kwa spika za masikioni za binti yangu.

Tuanze na wizi, tuumalize haraka. Haydn, yule mtunzi wa Austria, alifariki mwaka 1809. Sheria yetu ya hakimiliki inalinda kazi wakati wa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo muda wake ungekuwa umekwisha hata kabla wamisionari wa Leipzig hawajafika Kilimanjaro mwaka 1893. Hakudai. Lakini mpiga kinanda wako naye amekosea. Jina lako likisimama peke yake juu ya karatasi, anayemjua Haydn atakuona mwongo ndani ya sekunde kumi. Andika jina lako, na chini yake "kutokana na Andante ya Haydn" (ndilo jina la ile sehemu ya polepole), basi. Ukitaka nenda kakisajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, maana ulichoongeza ni chako.

Na mwalimu wako? Mheshimu, ndiye aliyekufundisha kushika chombo. Ila siku mmebaki wawili mnakunja nota baada ya mazoezi, mwulize kwa upole ule wimbo wa Ijumaa Kuu, wa kichwa chenye damu na majeraha, sauti yake imetoka wapi. Aliitunga Hans Leo Hassler, ikachapwa mwaka 1601, na ulikuwa wimbo wa mapenzi: kijana kavurugwa akili na msichana. Kanisa likaichukua, likaivika maneno mengine. Mtunzi Bach akaja akaipanga upya mara kadhaa ndani ya kazi yake ya Mateso ya Mathayo. Mimi nimeipuliza miaka na miaka nikiwa na suti nyeusi, na sijawahi kuona mzee wa kanisa akisimama kudai msichana wa Hassler arudishiwe wimbo wake.

Sasa twende penye mnofu.

Kabla hujamgeuza Haydn kuwa jazz, jiulize yeye alikuwa anageuza nini. Kesho asubuhi shika tarumbeta, usiguse pistoni hata moja, anza nota ya chini upande. Utapata do, sol, do ya juu, mi, sol, na kuendelea. Katikati ni mashimo. Hiyo ndiyo tarumbeta ya karne ya 18: bomba refu lisilo na pistoni, kazi yake kushindilia kwenye shangwe na kufuatana na ngoma. Pale Vienna kulikuwa na mpulizaji, Anton Weidinger, aliyehangaika na tarumbeta yenye matundu yanayofunikwa kwa vibonyezo, kama klarineti. Haydn, wakati huo ana miaka 64, akamwandikia konseto hiyo, yaani kipande cha chombo kimoja mbele na orkestra nyuma yake, mwaka 1796.

Na mzee alikuwa mtundu. Orkestra inapofungua, anampa mpulizaji nota chache za mashimo-mashimo, zile ambazo tarumbeta yoyote ya kijeshi ingepiga, watu watulie wakidhani ni yale yale ya kila siku. Halafu zamu ya tarumbeta inapofika, inaingia chini chini: do, re, mi. Nota tatu za mtoto wa shule ya Jumapili, na kwa tarumbeta ya kawaida, pale chini, hazikuwezekana. Sehemu yako ya polepole ndiyo inazidi. Humo tarumbeta inabembeleza kama mama mwenye mtoto mgongoni, tena katikati inatoka nyumbani kabisa, inakwenda kwenye ufunguo ambao tarumbeta ya zamani isingethubutu kuusogelea. Pistoni tunazobonyeza mimi na wewe zilikuja baadaye, hati ya uvumbuzi wake Ujerumani ni ya 1818. (Kitu kingine cha kukuchekesha: mwaka 1797 Haydn alitunga wimbo wa kumwombea Kaisari wake, ambao sauti yake leo ni wimbo wa taifa wa Ujerumani. Upige mwanzo wake halafu upige mwanzo wa Andante yako. Utadhani mtu na mdogo wake.)

Turudi kwenye rekodi. Dakika mbili za kwanza umeimba vizuri sana. Uko chini kidogo ya kinanda. Ulirekodi asubuhi, sivyo? Shaba ikiwa baridi sauti inashuka, na kinanda cha umeme hakijui baridi ya Arusha. Siku nyingine kipashe chombo kwa pumzi dakika tano, bila kupiga, ndipo mlinganishe. Halafu, kwenye dakika ya pili na sekunde kumi, pumzi inakuishia katikati ya sentensi. Unaivuta nyingine, inasikika kabisa, *fyuu*, na mpiga besi wako anakusubiri. Anashikilia nota moja, hapigi inayofuata. Wa dramu naye ananyanyua vijiti. Kwa muda wa pumzi moja hakuna kati yenu anayejua tunaelekea wapi. Hapo nilisimamisha, nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena. Kipande chako kiko pale. Baada ya hapo uliogopa, ukamwaga nota kama mtu anayemwaga mahindi juu ya turubai, dakika mbili nzima, mpaka Haydn alipokuja kukuokoa.

Najua utasema ile pumzi ilikuwa kosa. Ndiyo, ilikuwa kosa. Lakini sikiliza waliokutangulia walifanya nini walipobeba kazi ya klasiki kuileta kwenye tarumbeta. Mwaka 1939 Joaquín Rodrigo, Mhispania aliyepofuka akiwa na miaka mitatu, aliandika konseto ya gitaa inayoitwa ya Aranjuez. Tafuta mtu mwenye gitaa la kawaida, mwambie akwanyue kamba moja aiache. Nota inaanza kufa hapo hapo inapozaliwa. Ndiyo maana gitaa linajazia madoido, linatetemesha, linakwaruza, linazuia kimya kisilimeze. Mpiga tarumbeta wa jazz Miles Davis na mpanga muziki wake Gil Evans walipoichukua sehemu ya polepole ya konseto hiyo, wakairekodi New York mwishoni mwa 1959 na kuitoa mwaka uliofuata, Miles hakukimbizana na madoido yote ya gitaa. Angeyakimbiza ya nini? Nota ya tarumbeta haifi mpaka mwenyewe uamue, au uchoke. Alishika flugelhorn, ile ndugu ya tarumbeta yenye tumbo pana, akaacha nota chache zisimame, na kazi ya kujaza akawaachia wenzake wa nyuma. (Huyo Rodrigo usimguse kienyeji lakini: alifariki 1999, hesabu mwenyewe.)

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Mtunzi Mfaransa Maurice Ravel alizunguka Marekani mwaka 1928, akaisikia jazz kwao, na konseto yake ya piano iliyopigwa kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1932 imeloa jazz kwenye sehemu ya kwanza. Kwa hiyo mwalimu wako ajue njia hii watu wanaipita pande zote mbili. Lakini ninayotaka uisikie ni ile ya pili, ya polepole. Piano inaanza peke yake, na inaimba sentensi moja ya vipimo (vile vyumba vya nota kati ya mstari na mstari) zaidi ya thelathini bila kituo, kama dakika tatu hivi. Ravel alisema kuiandika kulikaribia kumuua. Mwaka 2024 mpiga tarumbeta Avishai Cohen (usimchanganye na mpiga besi mwenye jina hilo hilo, nao wanachoka kuchanganywa) ameiweka kwenye albamu yake ya jazz, na watu wanne tu: tarumbeta, piano, besi, dramu. Kama ninyi. Mpiga piano ana vidole, mapafu yake anaweza kuyaacha nyumbani. Mpulizaji lazima akate mahali. Ravel hakumwandikia pa kukata, maana hakuwa anamwandikia yeye. Akikata hapa, sentensi inakuwa swali. Akikata kule, inakuwa kilio. Hata kama hajabadilisha nota moja, kuna mtunzi wa pili pale, na anaandika kwa mapafu.

Mimi naamini hivyo kwa sababu nyingine pia. Tangu nianguke na bodaboda na meno mawili ya mbele yakabaki barabarani, napuliza kwa meno ya bandia, nota za chini tu, na pumzi yangu haifiki mwisho wa mstari. Nyimbo nilizozipiga miaka thelathini sasa nazikata mahali pasipokatwa. Nyingine zimeharibika. Mbili tatu zimekuwa nzuri kuliko zamani, sijui nimwambie nani.

Basi fanya hivi. Zile dakika mbili za mahindi zifute, usizihurumie. Chukua vipimo vinane vya kwanza vya Haydn, uviimbe kwa mdomo ukitembea, na uweke alama kwa penseli kila mahali anapokuruhusu kuvuta pumzi. Halafu tafuta pale asipokuruhusu, pale ulipokosea, ukosee tena kwa makusudi. Mpiga besi ashikilie ile nota yake. Wa kinanda mwambie aketi juu ya mikono yake, maana hao wakiona nafasi wanaijaza kama wapangaji. Ukirudi, usirudi na nota inayofuata ya Haydn. Anza na nota aliyoishika besi, uende hatua kwa hatua, do, re, mi, juu au chini, bila kuruka, pale chini ambako Weidinger alijivunia. Hakuna nota za haraka. Ukiishiwa la kusema, nyamaza, besi itakuambia. Kadiri mtakavyopiga kila Jumamosi hiyo katikati itatofautiana, na iachwe itofautiane. Mimi nitajua bado ni Haydn kwa sababu ya zile hatua ndogo ndogo.

Nota zako sasa. Umeziandika kikanisa, kama zinavyosikika: nota usiyobonyeza pistoni unaiandika B-flati. Nami nililelewa hivyo hivyo, ni desturi ya matarumbeta ya makanisa ya Kijerumani. Aliyesomea kwingine nota hiyo hiyo anaiandika C. Nikiwa kijana niliitwa hoteli moja ya Arusha kuziba pengo la mtu aliyeugua. Nikawekewa karatasi, nikaipuliza kama ya usharikani. Ukurasa mzima niko sauti moja nzima juu ya wenzangu. Wageni walidhani ndiyo jazz yenyewe, mmoja akapiga makofi. Kiongozi wa bendi hakupiga. Alinipa nauli ya kurudi Moshi na maandazi mawili kwenye gazeti. Kwa hiyo juu ya karatasi yako, kwa herufi kubwa, andika: INASOMWA KAMA INAVYOSIKIKA. Mpulizaji mgeni akija siku wewe unaumwa, atakuombea.

Rekodi ya pili nitumie. Usiku, siyo asubuhi.

*

*Bwana Fundi, salaam. Mjukuu wangu amerudi likizo kutoka chuoni, ananiambia NUTA Jazz na Morogoro Jazz hawakuwa wanapiga jazz. Mimi nimezicheza bendi hizo na bibi yake mpaka soli zikaisha. Nani ana haki?*
*Mzee wa Kaloleni, Arusha*

Shikamoo mzee wangu. Mjukuu ana haki kidogo, nawe una haki iliyobaki.

Jazz ya Marekani ina mambo yake: pigo linalobembea, haligawanyiki sawasawa, na kila mpigaji akipewa zamu anatunga papo hapo juu ya kodi za wimbo (yale makundi ya nota zinazopigwa pamoja). Bendi zetu hazikukaa hapo. Chanzo chao kikubwa kilikuwa rumba ya Kuba iliyokuja na santuri zenye alama ya GV kuanzia mwaka 1933, za kupigwa kwenye gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, na ndani ya santuri hizo tarumbeta zilijaa tele. Neno "jazz" kwenye jina la bendi kwetu lilimaanisha kwamba hawa ni watu wa kisasa, wana magitaa, wana domo la bata (saksafoni), wana matarumbeta, usije na kanzu ya kulalia. Dar es Salaam Jazz walijiita hivyo tangu miaka ya 1930. NUTA walipoanza 1964 neno lilikuwa limeshakuwa letu, kama "shati".

Lakini mwulize huyo mjukuu, kwa utani wenu wa babu na mjukuu: pale waimbaji wanapomaliza, magitaa yanachemka, na tarumbeta mbili zinaingia na domo la bata, nani aliwafundisha kupanga sauti ya kwanza na ya pili vile? Niliokaa nao jukwaani wengi walitoka bendi ya polisi, jeshi, au matarumbeta ya kanisa. Walishika nyimbo za kanisani kwanza, rumba baadaye. Ukisikiliza kwa makini utasikia kwaya imevaa viatu vya kuchezea. Kijana wa Sakina hapo juu anafanya jambo hilo hilo, tofauti yake ana simu.

Soli mpya zinapatikana kwa mafundi wa Soko la Kilombero, hapo hapo kwenu.

*

*Fundi, pistoni ya pili ya tarumbeta yangu inashuka haipandi. Niliipaka mafuta ya kula ikapona siku mbili, sasa imeganda kabisa. Na kile kipande cha mdomoni kimenasa, jirani ameniazima koleo.*
*Dada wa Majengo, Moshi*

Dada yangu, mafuta ya kula ni ya maandazi. Yakikaa kwenye shaba yanageuka gundi. Fungua pistoni zote tatu, uzipange mezani kwa namba zake (ukizichanganya hutatoa sauti, utaniletea ukilia), uzioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Maji ya moto hapana, rangi itabanduka. Futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha dondosha matone mawili ya mafuta ya pistoni. Yakikosekana kabisa, mafuta mepesi ya cherehani yatakufikisha Jumapili.

Kipande cha mdomoni kiwekee barafu kwa ndani kisinyae, lile bomba kinapoingia ulipashe kwa kiganja, ukizungushe taratibu. Kisipotoka kilete kwangu, nina chombo chake, ni kazi ya dakika moja na sichaji. Koleo mrudishie jirani leo leo.